Kidonge Kisicholaza

Jumapili, 8 Machi 2015
Vumbi la jangwani limeuvamia mtaa wetu wote wa Al Nahda, huku ugenini. Mwanangu Mohdhar anapiga chafya tangu alfajiri, macho mekundu kama aliyefiwa. Na Alhamisi ana intavyu ya kazi ya mapokezi hotelini! Visa yake ya matembezi inakaribia kwisha. Akikosa, ni ndege ya Mombasa. Hatakosa. Kwa Kiingereza chake, Wazungu wenyewe humwomba arudie.

Ummulkheir wa chumba cha pili, tunayetumia naye jiko moja, ametuletea vidonge vyeupe vya aleji. Eti nimpe tu mtoto, havilazi. Bure! Na mwanawe Hashir anakwenda intavyu hiyohiyo. Ummulkheir huyu, ukimwomba chumvi anakuletea kwa ncha ya kijiko.

Jumanne, 10 Machi
Chafya zimepungua, nakubali. Lakini Mohdhar yuko macho kodo, anapiga pasi huku anaimba. Dawa gani hiyo, umeze usisinzie? Kwetu dawa ya aleji ikishika, mtu huanguka chali na viatu. Hii ni chokaa. Ummulkheir anangoja chafya zirudi mbele ya meneja. Nimemjua!

Jumatano, 11 Machi
Vyeupe nimevitupa. Sandukuni ninavyo vya njano, nilivyotoka navyo nyumbani. Vidogo, vikali. Mohdhar kauliza vyeupe vi wapi. Nikamwambia vimekwisha, hivi ni kaka zao.

Alhamisi, 12 Machi
Kameza na chai ya asubuhi. Katoka na tai shingoni, nikamsomea dua mpaka kwenye lifti. Na wallahi hakupiga chafya hata moja!

Alilala. Kwenye kiti cha kungojea. Hashir kanisimulia kwa adabu ya kuudhi: Mama Mohdhar, walipomwita jina alijibu kwa mkoromo. Hashir kapata kazi. Ummulkheir kaja kunipa pole, eti pole shoga yangu, meno yote nje.

Nesi Redempta, mpangaji mwenzetu kutoka Moshi, kanikalisha. Kasema, mama, vumbi likiingia, mwili hutoa kitu kinaitwa histamini, ndicho kinachowasha macho na kuleta chafya. Dawa hukifungia mlango. Ila histamini hiyohiyo, ikiwa kichwani, ndiyo inayotuweka macho. Vya njano ni vya zamani, vinapenya mpaka ubongoni na kuizuia hata huko. Vyeupe ni vya kisasa, ubongoni haviingii sana. Kwa hiyo si chokaa, mama.

Nikamuuliza nani kamwambia habari za chokaa. Kasema nimeisema mimi, jikoni, kwa sauti. Hm. Huyu naye ni wa kuchunga.

Jumamosi, 14 Machi
Allah mkubwa! Meneja kapiga simu. Nafasi moja imebaki, Mohdhar arudi kesho. Meneja kaona nyota ya mwanangu hata akiwa usingizini.

Mohdhar kanunua vyeupe vingine, kavitia mfukoni. Kanibusu mkono, kaniambia Mama, nakuomba, dawa zangu usiziguse. Mtoto ana adabu huyu! Sitazigusa.

Lakini maneno ya Redempta nimeyapima. Kakiri mwenyewe kwamba cha njano hufika ubongoni. Na maswali ya meneja yanajibiwa na nini, na goti? Kosa langu lilikuwa kumpa kizima.

Nusu nimeshaisaga, ataikuta kwenye uji. Kizima kilimlaza. Basi nusu itamwamsha.