Vioo Laki Nane na Uso Mmoja

Kwako Mkuu wa Karakana ya Vioo,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, marahaba.

Mimi ni mama wa binti anayeposwa na fundi wako, yule mrefu mwenye miwani. Siku aliyokuja kujitambulisha alirudi kinyumenyume kwa adabu, akaangusha kioo changu cha sebuleni. Nikamwambia, "Mwanangu, niletee kioo, ndipo tuzungumze habari za harusi." Malalamiko yangu ni haya:

1. Ameleta kitu cha ukubwa wa ukucha, anasema kina vioo laki nane. Laki nane! Nimekitazama asubuhi nzima, sijaona hata nyusi.

2. Vioo vyenyewe vikipata umeme vinainama, kimoja huku, kingine kule, mara maelfu kwa sekunde. Mimi nimezeeka na kioo kinachonitazama usoni. Kioo kinachogeuza uso kinaficha nini? Na aliyekifundisha tabia hiyo ndiye nimpe mwanangu?

3. Nilikipiga chafya. Kwa bahati mbaya, naapa. Fundi wako akashika kichwa, eti chembe ya vumbi kwa vioo hivyo ni jabali. Nikakifuta kwa kitambaa cha jikoni, akakaa chini kabisa. Asiyestahimili chafya ya mkwewe ataweza mafua ya watoto?

4. Binti yangu anacheka tu. Hili nalo lawama yake ni yako.

Kwa hiyo naomba uviamuru vyote laki nane viniinamie kwa pamoja, kila kimoja kinionyeshe kinyweleo kimoja, nami nitajiunganisha mwenyewe. Ikishindikana, niajiri niwe mkaguzi. Nina uzoefu wa miaka sitini mbele ya kioo. Mpaka hapo, harusi hakuna.

Wasalimie wote karakanani, na mlinzi wa getini aliyenipa kiti Jumatatu nilipokuja nisikukute.

Ni mimi,
Mkwe ambaye bado hajawa mkwe.

Tanbihi: Nikiwa nafunga bahasha, wameingia binti yangu na fundi wako na kitu kingine kama kile, safari hii ndani ya mashine. Wakashusha mapazia. Fundi akanieleza kwamba kila kioo kikiinama huku, hutupa doa la mwanga ukutani. Kikiinama kule, giza. Madoa yote yakiungana, ni picha. Akawasha mkanda wa zamani wa harusi yangu. Mume wangu marehemu akajaa ukuta mzima, anacheza harusini kwetu, kiatu kimoja kimemtoka mguuni, nami pembeni nimeshika kiuno, nacheka vilevile anavyocheka binti yangu. Nimelia, Mkuu, nimelia mpaka nikapiga chafya, na mara hii fundi wako hakushika kichwa.

Harusi ni Jumamosi, njoo na wenzako. Kioo cha sebuleni bado nakidai.