Kadi Iliyosahau Mtaa Mzima

Kwa Mkuu wa Idara ya Mita za Maji,

KUH: OMBI LA KADI YENYE AKILI

Natumaini barua hii imekukuta mzima na umeshakunywa chai, maana tumbo tupu halisomi malalamiko ya mtu.

Mimi ni msoma mita wako. Jumatatu ulinipa barua ya onyo kwa "kupoteza" usomaji wa mtaa mzima, ukaongeza kwamba nikirudia, kazi basi. Sikupoteza kitu, Mkuu. Kompyuta ya mkononi mliyonipa ndiyo iliyosahau. Hoja zangu ni hizi:

1. Kadi ya kumbukumbu iliyomo inaishi kwa betri ndogo, mfano wa kifungo cha koti. Taa nyekundu ilipowaka, nilifanya kama nilivyolelewa kufanya kwa betri za tochi: nikaitoa, nikaianika juani juu ya bati. Kuirudisha, kadi nyeupe kama sahani iliyooshwa. Fundi wetu alicheka mpaka akashika meza: "Kaka, unamtoa mgonjwa moyo ukauanike?" Sasa nani aliniambia kwamba ule ni moyo?

2. Nimelazimika kurudi mtaani kusoma upya. Mbwa wote wananikumbuka, na hakuna hata mmoja mwenye betri.

3. Kuna kadi za flashi. Hizo, asema fundi, hazitaki betri: zima, washa, zitupe kabatini, maneno yamo. Ni kweli zinaandika polepole, na kufuta neno moja sharti zifute fungu zima. Mke wangu ndivyo alivyo. Kosa la mwaka wa harusi bado analo, na ukitaka alifute, muanze upya tangu uchumba. Lakini nyumba inakwenda. Kadi ya betri ni shemeji yangu, mdogo wake: mwepesi kuahidi, akishikwa na njaa hakumbuki hata jina lako.

4. Kwa hiyo wasoma mita wote tupewe flashi. Na kwa kuwa ofisi nayo imesahau kutupandisha vyeo, nashauri wakuu wapimwe betri. Watakaokutwa dhaifu waanikwe.

5. Barua yangu ya onyo ifutwe, fungu zima.

Nisalimie katibu muhtasi, mlinzi wa getini, na wote nyumbani kwako, mbwa akiwemo.

Wako mtiifu, nisiyesahau,
Msoma Mita, Mtaa wa Juu

Baada ya sahihi: Kabla sijafunga bahasha, fundi amenijulisha kwamba tangu Jumanne alinitilia flashi kwa majaribio. Kila nilichoandika kimo, hata pale kwenye nafasi ya maoni, mbele ya mita ya nyumba yako: "Mbwa mpole. Mwenye nyumba ndiye afungwe mnyororo." Nimetaka kulifuta neno hilo, fundi asema litaondoka na mtaa mzima. Mkuu, naondoa hoja zote tano. Kadi ya betri ina huruma. Naomba nirudishiwe yangu leo hii, jua likiwa bado kali.