Malalamiko Dhidi ya Mama Aliyekataa Kusaini Ngazi

Kwako Mheshimiwa Meneja wa Kiwanda cha Ngazi,

Salamu nyingi, na pole kwa majukumu. Mimi ni mkaguzi wa tano, yule mwenye kikombe cha bluu. Nashika kalamu kwa uchungu kumlalamikia mkaguzi wa saba, ambaye siku hizi sote tunamwita Mama Gunia.

Kama ujuavyo, kila ngazi huwekewa gunia la mchanga kwenye kipandio cha katikati, nasi tunakunywa chai. Chai ikiisha na ngazi haijavunjika, tunasaini. Jumanne gunia lilipasuka. Msimamizi akasema tukague kwa macho, maana lori lilikuwa linasubiri. Ngazi zilikuwa mia mbili, gundi bado inanata. Tukasaini. Mama huyu akafunika kalamu yake.

Makosa yake ni haya:

1. Anatudharau. Fomu ilimfikia ikiwa na sahihi sita. Mimi nilisaini kwa kuwa wanne walionitangulia walishasaini, na yule wa kwanza alisaini kwa kuwa alijua nyuma yake tuko sita wa kuangalia. Utaratibu huu umetulea vizuri.

2. Hana adabu kwa wakubwa. Msimamizi alimuuliza kwa upole, "Mama, wewe ndiye unayejua kuliko wenzako wote?" Akajibu, "Sijui, ndiyo maana nataka gunia." Sote tulicheka. Mimi nilicheka zaidi, kwa sababu msimamizi alikuwa ananitazama.

3. Hasusiki. Tumehamishia kiti chake karibu na mlango wa choo na tumeacha kumsalimia, lakini kila asubuhi anaingia na "Habari zenu, jamani!" kama mtu asiye na kosa. Juzi nilitaka kumwitikia, jirani yangu akanikanyaga mguu. Nilimshukuru.

4. Ameshona gunia! Kwa uzi wa kwake, bila kibali. Lilipokuwa limepasuka tulikuwa na sababu. Sasa limesimama pale kwenye kona, limejaa, na kila anayepita anatazama pembeni.

Naomba afukuzwe. Kama sheria hairuhusu, basi meza ibaki na wakaguzi sita, maana sisi sita tunaelewana sana. Tena ingefaa fomu zisainiwe mwanzoni mwa mwezi, kabla mbao hazijakatwa, ili kazi isicheleweshwe na ngazi zenyewe.

Wenzangu wote watano wameiunga mkono barua hii. Hawajaisoma, lakini waliona nimeshasaini.

Wasalimie wa nyumbani, karani wako, mlinzi wa getini, na msimamizi, ambaye ameisoma mara mbili na ameipenda.

Mimi mtiifu wako,
Mkaguzi wa Tano

N.B. Hapa msimamizi hajasoma. Lori liliondoka Jumatano, nafasi ya saba ikiwa imepigwa mhuri wa msimamizi. Jana binti yangu, ambaye ni fundi rangi, alinipigia simu kwa furaha. Amepewa ngazi mpya ya kiwanda chetu, na Jumatatu anaanza kupaka ukuta wa ghorofa ya pili. Nikamwambia asiipande. Akacheka: "Baba, si umeisaini mwenyewe?" Tafadhali, kabla hujamfukuza Mama Gunia, mruhusu Jumapili aende kwa binti yangu na gunia lake. Nitalibeba mimi.