Tezi za Shingo Katika Sufuria ya Kikosi

Jumatatu, 4 Mei 1936. Belgradi.

Karibu miezi sita tangu niondoke nyumbani, siku ya Mtakatifu Dimitri, theluji ikiwa imeshatanda mlimani. Mgongo mbaya. Mikono mibaya zaidi. Habari za Dosta mbaya kuliko vyote.

Mtu wa kijijini kwetu amepita hapa akitafuta kazi ya ujenzi. Anasema rovu la mke wangu limekua. Nilipoondoka ule uvimbe wa shingoni ulikuwa kama yai la bata. Sasa unajaza kiganja, na akilala chali anakosa pumzi, kwa hiyo analala ameketi, ameegemea ukuta. Wanawake wengi wa kwetu wana rovu. Hata mbuzi wanalo. Hatujawahi kuliona jambo la ajabu. Lakini kukosa pumzi ni habari nyingine.

Baba mkwe, Mzee Ruso, ndiye kiongozi wa kikosi chetu cha vibarua hapa machinjioni. Alisikiliza, akamaliza supu, akafuta masharubu. Kisha akaniambia kwamba nikirudi tena bila dawa ya mwanawe, nitafute mtu mwingine wa kumwita baba. Naum, mwenzetu kikosini, akadakia kwamba Dosta angeolewa na yeye, leo angekuwa na shingo kama ya bata bukini. Naum alimposa Dosta kabla yangu. Hajasahau. Nami simpi nafasi ya kusahau.

Alhamisi, 7 Mei.

Machinjioni kuna mambo mapya. Daktari wa mifugo, Arkadi Pavlovich, Mrusi aliyekimbia kwao zamani, anakusanya tezi za ng'ombe kwa ajili ya kiwanda cha dawa. Ana mitungi yenye barafu. Mmoja wa kongosho. Mmoja wa zile tezi zinazokaa juu ya figo kama kofia. Mmoja wa tezi ya shingo, ile nyekundu iliyokumbatia koo. Na kopo dogo la tezi ya chini ya ubongo, ambayo ni kama punje ya dengu. Anayembebea mitungi ni Naum. Daktari anasema ana mikono mitulivu. Ni mitulivu kwa sababu haijawahi kufanya kazi.

Nikamuuliza daktari zinafanya nini. Alifurahi sana. Nadhani watu humuuliza saa ya kula tu. Alisema mwili hauendeshwi kwa kelele. Kila tezi inadondosha kitu kidogo mno kwenye damu, kinaitwa homoni. Damu inakizungusha mwili mzima, lakini anayekisikia ni yule tu anayehusika. Homoni ya kongosho inaiambia sukari pa kwenda. Ile ya juu ya figo inakuamsha mbwa akikurukia: moyo unadunda, mate yanakauka, miguu inapata akili. Na tezi ya shingo inaamua moto wa mwili uwake kiasi gani. Ikitoa kidogo, mtu anahisi baridi, uso unavimba, anasinzia mchana. Ikitoa nyingi, anakuwa kama jiko lililoshindiliwa kuni.

Sijawahi kusikia kitu kizuri hivyo. Miaka yote nimeikata ile tezi na kuitupa kwenye ndoo ya mbwa.

Nikamuuliza kuhusu rovu. Akasema rovu ni tezi hiyo hiyo ya shingo, iliyopungukiwa. Hapo akaitwa kuangalia ng'ombe mwenye kikohozi.

Iliyopungukiwa. Neno moja lilinitosha. Dosta amepungukiwa na tezi. Mimi nashinda nimezungukwa na tezi.

Ijumaa, 8 Mei.

Mpango umekamilika. Tezi ambazo kisu kimezichana daktari hazitaki, zinakwenda kwa mbwa. Nitazichukua mimi. Lakini siwezi kuanza na Dosta. Dosta si sungura wa majaribio. Lazima nijaribu kwa watu wengine kwanza, watu wenye nguvu, wasiojua, ili wasijitie ugonjwa kwa mawazo.

Kuanzia kesho zamu ya kupika ni yangu, wiki nzima. Na kikosi chetu kina sheria ya tangu enzi za babu zetu: aliyeshika sufuria haulizwi ametia nini. Bila sheria hiyo tungeshauana zamani.

Jambo moja dogo. Mbwa wa machinjioni, wanaokula ile ndoo, wamekonda, macho yamewatoka, na wanabwekea mikia yao wenyewe. Nimeamua kwamba hiyo ni tabia ya mbwa wa mjini.

Jumamosi, 9 Mei.

Nimesaga tezi pamoja na nyama ya shingo tunayopewa kila Jumamosi. Vitunguu, kitunguu saumu, pilipili nyekundu. Nimetengeneza kababu, nikazichoma juu ya makaa. Mzee Ruso alikula mpaka akafungua mkanda. Akasema hii ni mara ya kwanza naonekana nina faida. Naum alisema zina ladha ya maini yaliyokasirika, kisha akala za jirani yake.

Nikampelekea sahani Bi Persida, mwenye nyumba. Mjane huyu hukaa kando ya jiko mwezi wa tano akiwa na shali mbili, na husinzia katikati ya kudai kodi. Akala. Akasinzia.

Jumatano, 13 Mei.

Hakuna kitu. Naum amelala juu ya rundo la ngozi mpaka saa ya chakula. Nilimpima shingo Mzee Ruso kwa kamba wakati ananyoa. Akaniuliza kama nataka kumnunulia shati au kumnyonga. Nimeongeza tezi mara mbili.

Jumatatu, 18 Mei.

Zamu yangu iliisha. Nikaomba niendelee. Hakuna aliyekataa, kupika kunawachosha wote. Na sasa mambo yameanza.

Bi Persida, ambaye kila jioni nampelekea sahani yake, amevua shali moja. Jana alifagia uwanja. Leo amevua ya pili, akapanda kwenye ngazi kupaka chokaa ukuta, akiimba. Aliniita akasema, "Gavril mwanangu, mbona nyumba hii ilikuwa chafu hivi na hamkuniambia?" Anakumbuka kodi ya kila mtu.

Naum anakimbia na mapaja ya ng'ombe begani. Naum! Msimamizi alisimama kumtazama, kalamu sikioni. Mimi nina njaa muda wote na suruali inateremka. Mkono unatetemeka ninapoandika, lakini kwa furaha.

Ijumaa, 22 Mei.

Hakuna anayelala humu ndani. Kila mtu anatoka jasho. Wawili walipigana kuhusu dirisha, mmoja akitaka lifunguliwe na mwingine akitaka lifunguliwe zaidi. Mwishowe waling'oa fremu. Tunakula kama nzige na tunapungua. Mzee Ruso, ambaye hakulia hata alipomzika ndugu yake, jana alilia kwa sababu mtu alikata mkate vibaya.

Na pigo kubwa. Msimamizi amempandisha Naum kuwa mkuu wa chumba cha tezi. Kwa bidii yake. Kazi safi, ya kukaa, yenye barafu wakati wa joto. Naum alinipita mlangoni akaniambia, "Usijali, ndugu yangu, nitakuruhusu unioshee mitungi." Bidii ile nimeipika mimi, nimeisaga mimi, nimeitia kitunguu mimi. Na siwezi kumwambia mtu.

Shingo ya Dosta sijui inaendeleaje. Za hapa hazijabadilika, kwa kuwa hakuna mwenye rovu. Kasoro hiyo nimeiona leo tu.

Jumapili, 24 Mei.

Mzee Ruso ameanguka kanisani. Alikuwa amesimama na mshumaa, na mshumaa ukawa unacheza mkononi mwake mpaka nta ikamrukia mama mmoja mwenye kofia aliyesimama mbele yake. Kisha akakaa chini, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Tulimbeba mpaka nyumbani. Niliweka sikio kifuani kwake. Moyo ulikuwa unakimbia, unajikwaa, unakimbia tena.

Nikaona yote mara moja. Nitarudi nyumbani bila dawa ya Dosta, na baba yake yuko kaburini. Kwa kababu.

Daktari ninayemjua ni mmoja tu, wa ng'ombe. Nilikimbia kumwita. Arkadi Pavlovich alishika mkono wa Mzee, akamtazama macho, kisha akatutazama sisi. Akatuamuru tunyooshe mikono na kuweka karatasi juu ya vidole. Chumba kizima kilisikika kama majani kwenye upepo. Bi Persida peke yake karatasi yake ilitulia kidogo.

Akauliza anayepika ni nani. Akauliza nini kinatiwa kwenye chakula. Naum akamjibu kwamba kwetu sufuria haiulizwi. Wengine wakatikisa vichwa. Hata Mzee Ruso, ambaye pumzi ilikuwa haimtoshi, alisema kwa taabu, "Sheria ni sheria, daktari." Nilitamani mmoja awe msaliti.

Daktari akafunua sufuria mwenyewe. Akachukua kababu moja mbichi, akaifinya, akatoa kipande chekundu kidogo. Alikitambua kama mtu anavyotambua kofia yake kichwani kwa mwingine.

Nikasema ni mimi. Nikasema na sababu: Dosta, rovu, pumzi. Nilidhani atanipiga. Aliketi kitandani, akatutangazia hakuna nyama tena kwenye nyumba hii mpaka aseme, na Mzee alale asiinuke, na keshokutwa ataleta daktari wa watu. Vitu vile vitachujika kutoka kwenye damu polepole, wiki kadhaa. Mzee ana moyo mzuri, alisema, kwa bahati yangu.

Kisha akanieleza kile ambacho kikohozi cha ng'ombe kilikatiza. Tezi ya shingo inahitaji madini joto ili itengeneze homoni yake. Milima yetu mvua imeyaosha, hayamo kwenye maji wala kwenye mimea. Tezi ya chini ya ubongo inaonja damu, inaona homoni haitoshi, inatoa amri. Haitoshi tena, inaamrisha zaidi. Na tezi ya shingo, maskini, inatii kwa kukua. Nikamwambia: ni kama kikosi cha waashi kisicho na matofali. Kiongozi anapiga kelele, anaongeza watu, uwanja unajaa watu, ukuta haupandi. Akasema hasa, ni hivyo hivyo, na kwamba mtu anayeelewa hivyo hakupaswa kufanya nilivyofanya.

Dosta anahitaji matofali, sio vibarua wa kuazima. Yaani chumvi yenye madini joto, chembe ndogo sana. Na kwa kuwa anakosa pumzi, kwanza aonwe na daktari mpasuaji huko mjini Skopje, upande wa kwetu.

Alhamisi, 4 Juni.

Mzee Ruso anakaa, anakula mtindi, anatukana. Moyo umetulia. Leo ametoa hukumu mbele ya kikosi: sishiki sufuria tena maisha yangu yote, ila nitaisugua. Neno baba ninaweza kulitumia, kwa majaribio. Na Dosta atapelekwa Skopje, yeye mwenyewe atampeleka, gharama atasimamia yeye. Nikambusu mkono. Akaufuta.

Naum amepunguza kasi. Lakini cheo hakijapungua. Cheo hakina homoni.

Anayesikitika ni Bi Persida. Amerudisha shali moja. Alikuja akanishika mkono, akaniambia kwamba wiki zile mbili alikuwa binti tena, na kama nina kababu nyingine nimfichie. Nilimwambia siruhusiwi. Daktari wa watu alipokuja alimpima, akasema tezi yake inasinzia tangu zamani, akamwandikia vidonge vya tezi iliyokaushwa, vilivyopimwa. Kumbe kati ya watu wote nilimtibu mmoja. Hakuna aliyenipongeza.

Jumamosi, 20 Juni.

Tunafungasha kurudi nyumbani. Chumvi ya Dosta iko kwenye mfuko wa kitambaa, na mfuko uko ndani ya shati la Mzee Ruso. Nikisogea karibu anaufunika kwa mkono. Daktari alimwandikia kila kitu, akamsomea mara mbili, huku mimi nikiambiwa nisubiri nje.

Nilisubiri nje nikafikiri. Tangu siku ile sijaacha kufikiri. Kosa langu nimelipata. Nilikuwa nazungumza na kibarua wakati kiongozi yupo. Kama tezi ya chini ya ubongo ndiyo inayoamrisha yote, ya nini kuhangaika na shingo? Rovu la Dosta linataka amri, amri kali, kutoka juu.

Kopo dogo la tezi hizo analilinda Naum. Lakini Naum siku hizi amerudi kusinzia mchana, Mungu ambariki. Nimepata punje kadhaa. Nimezianika juu ya bati, zimekauka vizuri, nimezishona ndani ya kola ya koti langu la sikukuu. Hakuna anayepekua kola.

Watasema ni chumvi iliyomponya, au mpasuaji wa Skopje. Waseme tu.

Tutatembea sehemu ya mwisho kwa miguu, na Mzee asiharakishwe. Alhamisi, tarehe tisa Julai, kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Petro, natarajia kuwa mlangoni kwangu. Dosta abandike maji ya supu.