Friza Iliyohitaji Kutulia

Digrii alimwona mama yule akinusa friza, akajua riziki imefika.

Ilikuwa ndani ya duka kubwa la vyombo vya umeme, ambako Digrii hupita asubuhi kama wenzake wanavyokwenda kazini. Mama alikuwa na mkoba kwapani. Alifungua friza ya kwanza, akaingiza kichwa, akanusa, akafunga. Akaenda ya pili, akauvuta mlango wa kioo huku na huku, akausikiliza. Kisha akaiona bei, akarudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto.

Alikuwa na duka la vyakula, na mtaani walimwita Mama Mizani, kwa kuwa hakuna kitu alichokitoa dukani bila kukipima, hata cha bure.

Digrii naye hakuwa na digrii yoyote. Jina lilitokana na kipimajoto alichokichomeka kwenye mfuko wa shati, karibu na kalamu isiyo na wino. Kwa kipimajoto hicho alishauza feni zisizozunguka na pasi zisizopata moto. Sasa alikuwa na friza ya kioo, ndefu, yenye kung'aa, ila kompresa, ambayo ndiyo moyo wa friza, ilishang'olewa zamani. Ili kuinunua friza hiyo kwa muuza vyuma chakavu, Digrii aliuza kitanda chake na godoro juu. Siku hizo alikuwa akilala sakafuni juu ya maboksi. Friza isipouzika, kitanda hakirudi.

Akamwamkia mama kwa adabu, akatoa kipimajoto, akakitazama, akatikisa kichwa kwa huzuni. Mama akauliza kuna nini. Digrii akasema hana ruhusa ya kusema, halafu akasema kwa muda mrefu sana. Friza za siku hizi bati lake jembamba. Hii ya kufunika juu inaficha bidhaa. Hii ya kusimama inakula umeme. Ile ya pembeni, mama yangu, ukiiweka jua linapopiga, kioo chake kinatoka jasho, na mteja haoni ndani isipokuwa ukungu.

Mama Mizani akamweleza shida yake. Jirani wa ng'ambo ya barabara alinunua friza ya kioo, na tangu hapo wateja wanawaona kuku wake kutoka mbali, wanavuka bila hata kumsalimia. Yeye friza yake ni ya kufunika, kila kitu kimezama chini. Hata mwenyewe akiingiza mkono hajui atatoka na samaki au atatoka na njegere. Akiendelea hivyo, mwisho wa mwaka atafunga duka.

"Nina moja ya kioo," Digrii akanong'ona. "Ilikuwa ya duka kubwa lililofungwa. Nusu ya bei hii. Lakini usimwambie mtu, mama, wataigombania."

Wakakubaliana aje kuiona mchana, nyumbani kwa Digrii. Digrii akakimbia soko la samaki, akanunua mabonge ya barafu, akayafunga ndani ya shati lake kuukuu la mistari yasiyeyuke haraka, akayasukumia tumboni mwa friza, mahali ilipokuwa kompresa. Hapo akaweka kifeni kidogo cha kupuliza baridi juu na kunguruma kama mashine. Akawasha taa. Akapanga malai, zile barafu za maziwa, kwenye rafu. Ilipendeza hata yeye mwenyewe alitamani kuinunua.

Mama Mizani alipofika alinusa, akabonyeza malai, yalikuwa magumu. Akasoma kipimajoto. Kisha akazunguka nyuma ya friza, akaupitishia kiganja mgongo wake, taratibu, kama anayepapasa mgongo wa ng'ombe sokoni.

"Mm," akasema.

Digrii aliihesabu hiyo kuwa sifa.

Mama akasema ameipenda, tatizo ni kwamba hela zake zote zimelala kwenye kuku. Na friza yake ya zamani imekufa asubuhi hiyohiyo, kuku wataoza. Je, mwanangu anaweza kupokea maboksi matatu ya kuku badala ya pesa?

Moyo wa Digrii uliruka. Kuku huuzika popote, na hakuna anayemuuliza kuku ametoka wapi. Akajifanya kufikiri. Akakuna kidevu. Akasema anakubali kwa sababu tu mama amefanana na shangazi yake.

Wakaipakia friza kwenye mkokoteni, msukuma mkokoteni akaisukuma hadi dukani huku akilalamikia mgongo. Hapo Digrii akatoa onyo lake kubwa, lile ambalo biashara yote iliegemea.

"Friza iliyosafirishwa haiwashwi hapo hapo, mama. Mafuta ya ndani yametikisika. Iache itulie hadi kesho asubuhi. Na usiifungue fungue. Baridi ikishatoka haijui njia ya kurudi."

Jambo hilo la kutulia ni kweli, mafundi wote wanalisema. Digrii hakuwa adui wa ukweli. Aliutumia kila ulipomfaa. Kufikia kesho asubuhi angekuwa mji mwingine, anachagua godoro.

Mama Mizani akaitikia kwa unyenyekevu. Akaomba friza ikatulie chumba cha nyuma, penye kivuli. Kisha akasema wateja wake pale barazani hawajui lolote kuhusu friza. Yeye akifunga kuku huko ndani, mtaalamu angewaelimisha kidogo.

Kumwomba Digrii azungumze ni kama kuuomba mto uteremke. Alisimama barazani, akawaeleza tofauti ya baridi kavu na baridi mbichi. Akaeleza jinsi samaki anavyojisikia ndani ya friza mbaya. Watu walimsikiliza kwa heshima, na mzee mmoja akasinzia. Mama alipoita, Digrii alikuwa bado ana mengi.

Hakuwa mjinga, alitaka kuona. Mama akafungua boksi la juu. Kuku walikuwa wamebanana bega kwa bega, weupe, wamegandamana. Akawabonyeza. Jiwe. Akalinyanyua boksi la pili, zito. Akaridhika.

"Usiyafungue njiani," mama akamwambia, akizungusha selotepu. "Si umesema mwenyewe, baridi ikishatoka haijui njia ya kurudi?"

Digrii alifurahi kuona maneno yake yameshika.

Njiani mkokoteni ukaanza kudondosha maji.

"Bosi," msukuma mkokoteni akasema, "kuku wako wanalia."

"Wanamlilia mama yao. Sukuma."

Mpishi wa mkahawa, mteja wa kwanza wa kuku hao, akalipasua boksi la juu kwa kisu. Akatoa kuku wa tabaka la kwanza. Chini yake palikuwa na barafu. Boksi la pili, barafu tupu. La tatu, barafu, na juu yake shati kuukuu la mistari, limekunjwa vizuri, mikono imeingizwa ndani kama lililotoka kwa dobi.

Mpishi alilitazama shati, akamtazama Digrii.

"Na hili nalo," akauliza, "nilikaange au nilichemshe?"

Kuku wale wachache walichukuliwa na msukuma mkokoteni, ujira wa safari mbili na maumivu ya mgongo.

Digrii alirudi jioni akiwa na shati lake kwapani, bila kujua anarudi kudai nini. Friza ya kioo ilikuwa imesimama mlangoni mwa duka, taa inawaka, rafu zimejaa mikate, maandazi na mayai. Watu walikuwa wakivuka barabara, safari hii kuja upande huu, na wakishanunua mkate waliuliza kama kuku wapo. Nyuma yao friza ya zamani ilikuwa ikinguruma kwa afya njema. Mgongoni kwake zilining'inia soksi za watoto, zinakauka.

"Miaka yote nakaushia soksi pale," Mama Mizani akamwambia kwa upole. "Friza nzima mgongo wake hutoa moto, mwanangu. Wa ile yako ulikuwa baridi kama wa maiti. Ila kioo nilikipenda."

"Na hiyo si ulisema imekufa?"

"Imefufuka. Ilihitaji kutulia."

Digrii aliitazama mikate. Maboksi yake yote yalikuwa yamelowa, ya kuku na ya kulalia, maana kabla ya kuisukumia ndani ya friza ile barafu aliiweka juu ya hayo anayolalia.

"Mama," akasema, "huna maboksi makavu mawili?"

Mama Mizani akampa, bure kabisa. Lakini aliyapima kwanza.