Amri Moja, Mashine Zote

Jumatatu, 3 Machi

Bosi wetu wa chumba cha seva anastaafu. Kiti chake ni changu, au cha shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anayekaa meza ya pili. Sina wasiwasi. Mashine pepe za kampuni, zile kompyuta zinazoishi ndani ya kompyuta nyingine, ziko kwenye mifumo mitatu, kila mmoja na lugha yake. Miwili naijua mimi peke yangu. Makusudi! Sijamfundisha mtu.

Alasiri Shemeji akaniita nitazame. Kafungua dirisha jeusi kwenye skrini, kaandika amri moja. Mungu wangu! Mashine za mifumo yote mitatu zikajipanga mstari mmoja, zangu zikiwemo. Nywele zilinisimama. Nikamwambia si mbaya.

Jumanne, 4 Machi

Sikula. Mke wangu akauliza kama naumwa. Nikakiri kwamba kaka yake kafanya maajabu. Alifurahi mno. Nikaongeza kwamba ni maajabu madogo.

Mpango: Mkurugenzi anatutembelea Ijumaa. Nijifunze mimi, nionyeshe mimi. Nikamwomba Shemeji, kwa sauti ya asali, anielekeze. Akacheka. "Shem, ni kama mkalimani tu. Wewe unasema 'amka' mara moja, yeye anauambia kila mfumo kwa lugha yake." Kanifundisha yote, bila kuficha kitu. Mtu wa ajabu. Lazima ana lake jambo.

Jumatano, 5 Machi

Nimejaribu mwenyewe, mashine moja ya majaribio kwa kila mfumo. Zimeamka! Mifumo niliyoibembeleza miaka yote hii, leo inaniitikia kama watoto walioitwa kula. Chai ilinipoa mkononi. Kwa muda nilisahau hata kumwonea wivu Shemeji.

Ijumaa, 7 Machi

Nilichomoa waya wa printa ya ghorofani, nikamtuma Shemeji akaitengeneze. Mkurugenzi akaingia, mlango ukajifunga nyuma yake. Nikatangaza kwamba nitazima mashine moja ya majaribio. Jina lake likanitoka! Nikaona aibu kusita, nikaweka alama ya nyota. Nyota, kumbe, maana yake zote.

Zikazimika moja baada ya nyingine, kwa adabu, bila hata moja kuuliza kwa nini. Ya mishahara. Ya simu. Ya milango. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile! Mkurugenzi akauliza kwa upole kama ndivyo inavyotakiwa. Nikasema mwanzo, ndiyo. Nikataka kuziamsha. Wapi! Hata mashine niliyokuwa naandikia ilikuwa mojawapo. Skrini nyeusi. Mlango haufunguki.

Shemeji akatokea upande wa pili wa kioo cha mlango, laptopu kwapani. Akakaa chini koridoni, akaandika mstari mmoja. Simu zikaanza kulia jengo zima, mlango ukafunguka. Mkurugenzi akapiga makofi. Nikashtukia na mimi napiga, tena kwa nguvu kumliko.

Jumamosi, 8 Machi

Kiti ni cha Shemeji. Alimwambia Mkurugenzi kwamba lile lilikuwa zoezi la dharura na kwamba nilijitolea. Mimi ni msaidizi wake. Mke wangu kasema nimshukuru kaka yake, na nisiguse kitu kabla ya kuuliza. Nimekubali.

Ila nimeshajua nilipokosea: vidole. Chombo kitukufu vile hakitaki mkono wa mtu. Jumatatu, Shemeji akiwa mkutanoni, nitazipangia amri zote saa, zijiendeshe zenyewe. Mkurugenzi nimeshamwalika.