Dada Yake Koti

Jumatatu, 3 Machi

Siku sita zimebaki. Jana alasiri Mfamasia alinyoosha mkono mbele ya jumuiya yetu nzima ya wapenzi wa filamu na kusema, kwa adabu, kwamba Koti hana dada. Kwa adabu! Angenitukana ningejua la kufanya.

Niyaandike mambo yalivyo. Koti ndiye yule mtu wa filamu ya koti la ngozi. Anaua watu thelathini na mmoja. Nimewahesabu mara nne, na mara moja nilipata thelathini na wawili, lakini yule wa mwisho alikuwa amelala tu. Wapo wanaomwita jambazi. Mimi kwa miaka kumi na moja nimetetea kwamba ni steringi halali, shujaa wa filamu, kwa sababu kabla ya kumpiga inspekta risasi pale darajani anamwambia: Umenichukulia dada yangu. Mtu wa namna hiyo si jambazi. Ni kaka aliyezidisha.

Mfamasia anadai amepata nakala mpya, yenye maandishi ya Kiswahili chini, na dada hayumo. Kinyozi, anayetupa chumba chake kila Jumapili, akaamua papo hapo: Jumapili ijayo filamu itaonyeshwa, tutajadili, tutapiga kura. Nikishindwa, nashuka kitini.

Kiti chenyewe ni cha kunyolea, kile kinachozunguka. Ni cha mwenyekiti. Kazini nasaga lenzi za miwani na hakuna anayeuliza naonaje. Nyumbani ndiyo usiseme. Lakini Jumapili nikiinua kidole, watu kumi na wawili wananyamaza. Sitaki kukipoteza. Naliandika hili waziwazi kwa kuwa hakuna atakayelisoma.

Jumanne, 4 Machi

Bahati imeniangukia! Mfamasia amekalia miwani yake. Lenzi zote mbili zimekwisha. Ameileta kwetu kazini mwenyewe, akipapasa kaunta kwa mkono.

Nikafikiri haraka. Runinga ya Kinyozi ni ndogo. Wanachama ni watu wa rika langu, macho yao nayajua, miwani yao nimeitengeneza mimi. Anayeweza kusoma maandishi yale ni Mfamasia peke yake, tena akiwa amevaa miwani. Bila miwani hakuna maandishi. Bila maandishi dada anarudi.

Nimemwambia itakuwa tayari Jumamosi. Moyoni nimesema Jumatatu. Akanishukuru sana, akagonga mlango wa kioo akitoka.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda na mke wangu kumsalimia baba mkwe. Huyu ndiye silaha yangu. Ujanani alikuwa akitafsiri filamu katika banda la video, kipaza sauti mkononi, akisema maneno ya wote: steringi, maadui, wanawake, hata mbwa. Watu walimwita Sauti. Filamu ya Koti niliisikia kwake. Binti yake nilimuoa kwa mapenzi, lakini kwa nini nidanganye hapa: baba yake alichangia.

Nikamuuliza kwa heshima, nikiwa nimekaa ukingoni mwa kochi, kama kweli dada yupo.  Akasema dada alikuwepo, akavua kofia na kuiweka gotini. Macho yake yalikuwa na maji. Nikaona nisimsumbue kwa maswali zaidi. Jibu nilikuwa nimelipata.

Nimemwomba aje Jumapili kama shahidi. Amekubali. Mke wangu akaniuliza njiani kama nina hakika. Nikamwambia mambo ya filamu aniachie mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Mfamasia amepita kuulizia. Nikamwambia mashine ya kusagia lenzi imeharibika, nikatikisa kichwa kwa huzuni. Nilifanya vizuri mno. Daktari wa macho, bosi wangu, alikuwa nyuma ya pazia, akasikia, akaita fundi.

Fundi amefungua mashine nzima kutafuta ubovu. Hakuuona. Ameirudishia na skrubu tatu zimebaki mezani. Sasa imeharibika kweli.

Bosi ameona aibu kwa jirani yetu wa duka la dawa. Ameagiza lenzi za Mfamasia zisagwe kwa mkono. Kwa mkono wangu. Kesho.

Jumamosi, 8 Machi

Nimesaga tangu asubuhi hadi alasiri, bosi kasimama begani. Vidole vimekufa ganzi. Nimemtengenezea adui yangu miwani mizuri kuliko yote niliyowahi kutengeneza, naye ameichukua bila kuijaribu, akisema ananiamini.

Alipoondoka ndipo nikaona karatasi ya vipimo. Niliishika juu chini. Jicho la kushoto limepata lenzi ya kulia, na la kulia limepata ya kushoto. Naapa sikukusudia! Mambo ninayoyakusudia hayajawahi kufanikiwa kiasi hiki.

Jumapili, 9 Machi

Nitaandika kwa utulivu.

Walikuja wote. Baba mkwe akapewa nafasi ya mbele, mke wangu nyuma yake. Mimi kitini. Filamu ikaanza. Mfamasia akavaa miwani, akasoma mstari mmoja, akashika paji la uso. Akasema anaona madaraja mawili, na filamu ilikuwa haijafika kwenye daraja hata moja. Akaomba radhi, akaketi. Nikajikaza nisicheke.

Hapo Mfamasia akauliza kama kuna mwenye macho mazuri.  Na mke wangu, ambaye mambo ya filamu nilimwambia aniachie mimi, akasogea mbele na kuanza kusoma.

Sikujua kwamba ana sauti ile. Miaka kumi na tisa tumeishi nyumba moja! Koti akisema, ni Koti. Inspekta akikohoa, anakohoa. Kinyozi alizima feni ili asikie vizuri. Mpaka baba mkwe alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha. Hakuna aliyenitazama mimi kwa saa nzima na dakika arobaini.

Tukafika darajani. Mke wangu akasoma: Ufunguo wa sanduku uko wapi? Inspekta: Ufunguo gani? Risasi. Basi. Mtu ameuawa kwa ajili ya hicho tu, ufunguo.

Nikasimama. Nikasema maandishi huandikwa na mtu yeyote, ila tunaye hapa Sauti mwenyewe. Nikamwomba baba aieleze jumuiya kama dada alikuwepo au hakuwepo.

Akasimama taratibu. Akasema lugha ya filamu ile hakuijua hata neno moja. Alikuwa akitazama nyuso zao na kukisia. Lakini wiki ile ya kwanza ya filamu ya Koti walikuwa wamemzika dada yake mkubwa, aliyemlea. Hakupewa ruhusa ya kukaa nyumbani kuomboleza, akaenda bandani na kipaza sauti chake. Akamwona yule mtu darajani, uso ule, bastola ile, na hakuweza kuamini kwamba mtu anaweza kuwa na uso wa namna hiyo kwa sababu ndogo. Akampa dada. Akasema dada alikuwepo, ila hakuwa wa Koti.

Mfamasia akavua miwani akafuta macho. Kinyozi akageukia ukuta. Mke wangu akamshika baba yake mkono. 

Kisha nikainua kidole, nikaomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba shahidi amethibitisha dada yupo, kwa hiyo hoja yangu imesimama.

Hakuna aliyenyamaza. Walikuwa wamekwisha kunyamaza kabla yangu, kwa ajili ya mzee, na sasa wakaanza kusema wote kwa pamoja.

Kura za kiti: mimi moja. Mfamasia hakupata hata yake mwenyewe. Zilizobaki zote zilikwenda kwa mtu ambaye hakugombea. Kinyozi akampangusia kiti kwa taulo safi, mke wangu akaketi, akazunguka mara moja kukijaribu.

Jumanne, 11 Machi

Mke wangu anasema ningemuuliza yeye tangu mwanzo. Habari ya shangazi yake anaijua tangu utotoni. Anasema pia kwamba ningemwacha baba yake amalize alichotaka kusema Jumatano, badala ya kukimbilia jibu.

Nimelitafakari jambo hili siku mbili. Nimeona kosa lilikuwa wapi: nilitumia shahidi mmoja. Ilitakiwa wawili.

Ila kiti lazima kirudi. Nimeandika barua kwa jumuiya, bila jina, nikilalamika kwamba mwenyekiti mpya anampendelea mume wake. Ni barua kali. Nimempa mke wangu anisahihishie tahajia. Ameona makosa manne, ameyarekebisha kwa kalamu nyekundu, akaniuliza nitaipeleka mwenyewe au aipeleke yeye.

Nimemwambia aipeleke yeye, ili mimi nisishukiwe.